Namna ya kuandika wajibu kwenye sheria ndogo ya kijiji bila kumnyang'anya mtu haki yake

Nilianza kufundisha shule ya msingi mwaka 1984, mwaka uleule ambao haki za binadamu ziliingizwa kwenye Katiba yetu ya Tanzania. Somo langu liliitwa Siasa, baadaye likawa Uraia, na nilipostaafu lilikuwa Uraia na Maadili. Sasa ni msaidizi wa kisheria hapa kijijini kwetu, wilaya ya Newala, kazi isiyo na malipo. Ninayoandika hapa ni kwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji, kamati ya shule, kikundi cha akina mama, yeyote aliyekabidhiwa kalamu akaambiwa: "Tuandikie na wajibu wa wananchi, maana haki zimetosha."

Nianze na siku iliyonifundisha.

Alinijia bibi mmoja asubuhi, jirani wa kitongoji cha pili. Mjukuu wake alikuwa amelala kituo cha polisi kwa ugomvi wa mpirani. Dhamana ya polisi hailipiwi, ila walimtaka mdhamini aje na barua ya mtendaji wa kijiji. Tukaenda ofisini pamoja. Juu ya meza kulikuwa na kaunta buku lenye jalada jeusi, majina yetu sote yamepangwa kwa vitongoji, aliyelipa ana alama ya kalamu nyekundu. Mtendaji akateremsha kidole mpaka kwenye jina la bibi. Hapakuwa na alama.

"Bibi, mchango wa choo cha shule hujatoa. Elfu kumi."

Bibi akafungua fundo kwenye pindo la kanga yake. Zilitoka noti tatu za elfu moja moja na sarafu ya mia tano. Mtendaji akasema hawezi kupokea nusu. Mhuri ulikuwa ndani ya droo, na droo ilikuwa imefungwa kwa ufunguo.

Nikamwuliza ni sheria gani inayofunga droo hiyo. Hakukasirika. Alitoa faili la mihtasari, akanisomea: asiyechangia hatahudumiwa na ofisi ya kijiji kwa jambo lolote. Umepitishwa na mkutano mkuu. Nikakumbuka mkutano ule. Nilikaa mstari wa tatu chini ya mwembe, na mkono wangu ulikuwa juu.

Nilitoa shilingi 6,500, bibi akapewa stakabadhi ya elfu kumi, barua ikaandikwa, kijana akatoka jioni. Lakini kanuni ilibaki palepale, tena ikiwa na nguvu zaidi, kwa sababu mwalimu mzima alikuwa ameilipa. Ndipo nikakaa chini kujifunza jinsi wajibu unavyoandikwa.

Usianze kuandika kabla hujakubali kwamba wajibu una nafasi yake

Wapo wanaharakati wanaoogopa neno wajibu kabisa. Siwalaumu. Nilipokuwa mwalimu kijana niliona wanaume wakilala mikoroshoni usiku kwa sababu mgambo wanapita kuulizia stakabadhi za kodi ya maendeleo, na mzazi akiogopa kumpeleka mtoto zahanati kwa kuwa mgambo wamesimama njiani. Kodi ile ilifutwa mwaka 2003. Waliokimbia wakati ule leo ni wazee, na ukitamka "wajibu wa mwananchi" mbele yao utaona macho yanavyobadilika.

Hata hivyo choo cha shule kilikuwa lazima kijengwe. Wasichana wa darasa la sita na la saba walikuwa wakibaki nyumbani siku zao za mwezi. Haki ya mtoto yule ya kusoma inabebwa na mikono ya watu wazima, na sheria ikinyamaza kuhusu mikono hiyo, mzigo wataubeba wachache walewale kila mwaka.

Katiba yetu haikunyamaza. Chukua nakala, ukae na wenzako msome ibara ya 12 mpaka ya 30 kwa sauti. Haki zinakwenda mpaka ya 24. Kuanzia ya 25 mpaka ya 28 ni wajibu: kufanya kazi, kutii sheria, kulinda mali ya umma, kulinda taifa. Halafu ibara ya 29 inasema jambo ambalo watu wengi hulipita haraka: kila mtu ana haki ya kufaidi haki za msingi, na pia kufaidi matokeo ya kila mtu kutekeleza wajibu wake. Maana yake wajibu wa jirani yangu ni kitu ninachostahili mimi. Kwa hiyo unapoandika wajibu hubuni adhabu. Unaandika haki ya mtu mwingine ukiitazama kutoka upande wa pili.

Ibara ya 25 ndiyo niliyoifanya kigezo. Ibara ndogo ya kwanza inampa kila mtu wajibu wa kufanya kazi halali kwa kujituma. Ya pili, papo hapo, inasema hakutakuwa na kazi ya shuruti. Ya tatu inaeleza kazi zipi hazihesabiwi kuwa shuruti, zikiwemo zile za kawaida za ustawi wa jamii. Wajibu umewekwa, na uzio wake umejengwa palepale, si kwenye kitabu kingine wala mbele kurasa kumi. Kila wajibu utakaouandika, ujengee uzio kabla hujaruka mstari.

Wasikilize wazee, kisha watofautishie

Katika kikao cha kwanza lazima atasimama mzee. Kwetu alisimama mjomba wangu, na kwa mila zetu mjomba ndiye mwenye neno. Alisema: "Mmetuletea haki, haki, haki. Watoto hawatupi hata shikamoo. Sisi jandoni tulifundishwa wajibu kwanza."

Usimkatishe mzee wa namna hiyo, wala usimjibu kwa vifungu. Anachosema kina ukweli wake. Jando na unyago vilitufundisha kuamkia, kuuguza, kulea, kuzika, na hayo ndiyo yaliyomweka mtu hai miaka ambayo hapakuwa na zahanati. Nilimsomea mjomba ibara ya 29 ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliopitishwa Nairobi mwaka 1981 na kuanza kutumika mwaka 1986. Inasema mtu ana wajibu wa kuwaheshimu wazazi wake wakati wote na kuwatunza wanapohitaji. Aliniomba nirudie. Nikarudia. Akasema, "Kumbe hata wakubwa wa Afrika wanajua."

Kisha nikamwuliza: Mjomba, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe lilikuja kabla ya ugali au baada yake? Akacheka, akasema baada. Na asipolima vizuri, mwenye nyumba humwambia arudishe alichokula? Akasema hapana, huo si ubinadamu. Basi hapo ndipo tulipoelewana. Haki ni ule ugali wa siku ya kwanza, mtu anapewa kwa kuwa ni mtu. Jembe ni halali yake pia, lakini hakuna mahali jembe limewahi kuwa bei ya ugali.

Hapohapo watenganishe wajibu wa sheria na wajibu wa malezi. Kikundi chetu kilikuwa kimeandika: kijana asiyemwamkia mzee atatozwa shilingi 2,000. Niliwaomba tuufute. Shikamoo inayotolewa kwa kuogopa faini mzee mwenyewe ataisikia kooni mwa kijana kwamba si shikamoo. Jambo linalohitaji moyo liachie nyumba, msikiti, kanisa na jando. Kwenye sheria andika lile ambalo likiachwa, mtu mwingine anaumia na unaweza kumwonyesha kwa kidole.

Kwa kila wajibu, andika jina la anayeumia

Hili ndilo zoezi kubwa, lipe nusu ya siku nzima. Chukua karatasi ya bango, ikate mstari katikati. Kushoto andika wajibu unaopendekezwa, kulia andika haki ya nani inalindwa. Kulia pakibaki patupu, wajibu huo haujaiva.

Kwetu ulioiva upesi ulikuwa wa moto. Mtu anasafisha shamba, anachoma majani, upepo unageuka, na mikorosho ya jirani iliyopandwa na marehemu baba yake inaungua ndani ya saa moja. Kulia tukaandika: haki ya jirani ya kumiliki mali. Wajibu ukawa: anayetaka kuchoma akate kwanza barabara ya moto kuzunguka eneo, awaarifu majirani wanaopakana naye siku moja kabla, na abaki hapo mpaka moto uzimike. Hakuna aliyebisha, hata wale waliowahi kuunguza.

Wa pili ulikuwa wa salfa, dawa ya unga ya mikorosho. Miezi ya kupuliza mikorosho kila nyumba ina mashine, na unga ule unasafiri. Mama mmoja alieleza jinsi ndoo zake za maji zilivyofunikwa na utando wa njano asubuhi moja, maji aliyoyatafuta tangu saa kumi za usiku. Ninyi mnaoishi bondeni mnaweza msielewe, lakini huku juu Newala maji yamekuwa tabu tangu enzi za bibi zetu, na kumwaga ndoo mbili ni kumwaga nusu ya siku ya mwanamke. Tukaandika: hakuna kupuliza karibu na mahali pa kuchotea maji, na anayepuliza jirani na nyumba awaambie wenye nyumba jioni iliyotangulia ili wafunike vyombo.

Uliogoma kuiva ulikuwa huu: kila mwananchi ahudhurie mikutano. Kulia tulikaa kimya muda mrefu. Mwishowe mjumbe mmoja akasema ukweli, kwamba watu hawaji kwa sababu mapato na matumizi hayasomwi. Tukaufuta, na badala yake tukaandika wajibu wa halmashauri ya kijiji kuyasoma. Jifunzeni kutambua wajibu wa namna hiyo, unaomwangukia mwananchi ilhali kosa liko kwa aliyekalia ofisi.

Weka kipimo

Neno "kila mwananchi" ndilo lililomwumiza bibi yule. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 unatoa mfano mzuri. Ibara ya 31 inampa mtoto wajibu kwa familia na jamii, lakini inatanguliza kwamba ni kwa kadiri ya umri na uwezo wake. Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo ina kifungu cha wajibu wa mtoto, na kabla ya hapo ina vifungu vya wajibu wa mzazi. Mwenye nguvu zaidi alitangulizwa kudaiwa.

Kwa hiyo taja umri. Taja nani hadaiwi. Toa njia mbili za kutimiza, kwa fedha au kwa kazi, na mtu achague mwenyewe. Mwenye nguvu asiye na fedha asifanywe mkosaji. Kabla ya msimu wa korosho fedha haipo hata kwa mtu mwenye shamba kubwa, basi tarehe ya mwisho ya kulipa iwekwe baada ya mauzo, si mwezi wa nane. Na kila shilingi iwe na stakabadhi.

Tenga adhabu na haki

Hapa ndipo vijiji vingi vinapoanguka, na sisi tulianguka hapa. Mtu asiyetimiza wajibu ana kosa, au ana deni. Deni linadaiwa kama deni, kosa linapelekwa mahakama ya mwanzo, na huko atasikilizwa kabla ya kuhukumiwa. Lakini barua ya dhamana, maji ya kioski, dawa, kiti cha mtoto darasani, nafasi ya kusema mkutanoni, hivyo si vitu vya kushikilia rehani. Utakapoambiwa "bila kubana hawalipi", wakumbushe kwamba anayebanwa si mwenye kiburi. Mwenye kiburi ana ndugu mjini, barua yake atapata kwa njia nyingine. Anayebanwa ni bibi mwenye 3,500 kwenye pindo la kanga, na nyuma yake kijana aliye ndani ambaye hakuwa hata na mchango anaodaiwa.

Kifungu chetu, baada ya kukiandika mara nne, kilisomeka hivi:

"Mkazi mwenye umri wa miaka 18 hadi 60 na mwenye uwezo wa kufanya kazi atachangia ujenzi wa choo cha shule kwa shilingi 10,000 au kwa siku mbili za kazi, kwa kuchagua mwenyewe. Mzee, mgonjwa, mtu mwenye ulemavu asiyeweza kazi, mjamzito na mama anayenyonyesha hawatadaiwa. Halmashauri ya kijiji itasoma mapato na matumizi ya michango hii katika kila mkutano mkuu na kuyabandika ubaoni. Deni la mchango halitakuwa sababu ya kumnyima mtu barua, maji, matibabu, masomo ya mtoto au huduma nyingine yoyote."

Mnaweza kukichukua kama kilivyo, mkabadilisha choo kiwe chochote mnachojenga.

Wakikuuliza nchi nyingine zinafanyaje

Msiende mbali sana na hili, kikao kitachoka, ila kuna vijana watauliza. Mataifa ya Amerika yalipokutana Bogotá mwaka 1948 yalipitisha tamko lenye wajibu 10 kando ya haki. Miezi michache baadaye, tarehe 10 Desemba, Umoja wa Mataifa ukapitisha Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu, na humo wajibu ukapata nafasi ndogo tu, ibara ya 29. Sisi Waafrika mwaka 1981 tukaupa ibara tatu. Uingereza, yenye sheria ya haki za binadamu ya mwaka 1998, serikali yake ilileta mwaka 2009 pendekezo la kuandika haki pamoja na majukumu, likajadiliwa, halikuwa sheria.

India nawaeleza kwa kirefu kidogo. Wajibu wa raia uliingizwa kwenye katiba yao mwaka 1976, wakati nchi ikiwa chini ya hali ya hatari na wapinzani wengi wakiwa gerezani. Maneno yenyewe ukiyasoma ni mazuri, kulinda misitu na mito, kukataa mila zinazomdhalilisha mwanamke. Lakini mimi tangu nijue tarehe ile, nikiletewa orodha ya wajibu huuliza kwanza imeletwa na nani, na wiki hiyo haki zina hali gani. Ulizeni hivyo hata kijijini. Orodha ikija mwezi uleule watu wanapohoji fedha za mradi, isubiri kwanza fedha zijibiwe.

Ipitishe kwa njia yake, maana muhtasari si sheria

Hili laiti ningelijua siku ile mbele ya droo. Azimio lililo kwenye muhtasari halimfungi mtu kama sheria, hata likipigiwa makofi. Halmashauri ya kijiji inaandaa rasimu, mkutano mkuu wa watu wazima wote unaijadili, kisha inapelekwa halmashauri ya wilaya, na madiwani wakiidhinisha ndipo inakuwa sheria ndogo. Ukikutana na mtu anayekunyima huduma kwa kusoma muhtasari, mwombe kwa upole namba ya idhini ya wilaya.

Chagueni siku vizuri. Msiite mkutano siku ya gulio, wala Ijumaa mchana, wala wiki ambayo chama cha msingi cha ushirika kinalipa wakulima fedha za korosho. Wanawake huketi nyuma kwenye mikeka, na mikono inapohesabiwa mtendaji na mwenyekiti wanawatazama. Kwa hiyo wapitieni mapema nyumba kwa nyumba, muwasomee kifungu kimoja kimoja, mwandike wanachosema. Kipengele cha mama anayenyonyesha kilitoka jikoni kwa mtu. Mkutanoni asingekitamka.

Mtu akishanyimwa haki, hatua ya kwanza ni barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, ya pili ni Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Mahakama Kuu nayo ipo, kanda ya Mtwara, na sheria inayofungua mlango wake ni ya mwaka 1994, inayoitwa kabisa Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Msingi na Wajibu. Lakini tangu mwaka 2020 mwombaji anatakiwa kuonyesha kwamba ameguswa yeye mwenyewe. Mimi nisingeweza kwenda badala ya bibi. Ndiyo sababu nasisitiza kifungu kiandikwe vizuri kabla hajatokea wa kuumia, kwa kuwa bibi wa miaka 70 hatapanda gari kwenda Mtwara kudai barua.

Sheria ikirudi na idhini, toeni nakala tatu. Moja ofisini, moja shuleni, ya tatu ifungeni kwenye nailoni kabla ya kuibandika ubaoni, mvua za mwezi wa kumi na mbili hazichagui karatasi. Na mtendaji akihamishwa, siku ile mpya anaporipoti, nendeni wawili watatu kumkaribisha, mmesalimiana, mmemwonyesha maji yanapopatikana, kisha msomeeni sentensi ya mwisho ya kile kifungu kabla hajakabidhiwa ufunguo wa droo.